Ukiacha Nyama na Maziwa, Usiiache Afya

Msafiri atokaye Kigali kwenda Gisenyi huteremka kutoka milimani, akapita soko la Mahoko, akapita Nyundo, kisha akaingia Rugerero, kata ya Wilaya ya Rubavu iliyo mlangoni mwa Ziwa Kivu. Mto Sebeya hupita huko ukikimbilia ziwani. Udongo wa nchi hii una rutuba ya volkano. Maharagwe hupanda juu ya vijiti virefu kama askari waliosimama gwaride. Viazi, karoti, vitunguu na kabichi hujaza vikapu vya wachuuzi. Na upande wa Pfunda chai imetanda kijani kibichi. Atazamaye mashamba hayo atasema kwamba njaa haina mahali pa kuketi hapa.

Lakini macho hayatoshi kupima afya ya watu. Uchunguzi wa afya na idadi ya watu uliofanywa nchini Rwanda mwaka 2019 na 2020 ulionyesha kwamba kati ya kila watoto 100 walio chini ya umri wa miaka mitano, 33 walikuwa wamedumaa. Miaka mitano nyuma walikuwa 38, kwa hiyo nchi ilikuwa imepiga hatua. Hata hivyo Rubavu, pamoja na rutuba yake yote, ilikuwa juu ya wastani huo wa taifa. Fundisho lake ni moja: shamba lililojaa si lazima liwe sahani iliyokamilika.

Fundisho hilo linamhusu kila mwenye jiko, lakini linamhusu zaidi yule aliyeamua kuacha nyama na samaki, na baadaye akaacha na maziwa. Mtu huyo ameondoa vitu mezani kwake. Je, ameweka nini mahali pake?

Swali la mama mkwe

Tuchukue mfano wa nyumba moja ya askari huko Rugerero. Mume yuko kikosini, mbali na nyumbani, naye hurudi wakati wa likizo. Mke anakaa na mama mkwe wake, na sasa ni mjamzito. Nyama aliiacha tangu miaka miwili iliyopita. Asubuhi moja mama mkwe anamletea kibuyu cha ikivuguto, yaani maziwa yaliyoganda, naye anakipokea kwa mikono miwili kama adabu itakavyo, lakini anakiweka chini bila kukionja.

"Mwanangu, nyama uliiacha nikanyamaza," asema mama mkwe. "Leo na maziwa nayo? Huyo aliye tumboni atajengwa na nini?"

"Mama, nitakula maharagwe na mboga. Shamba tunalo."

"Shamba tunalo, mwanangu. Lakini swali langu hukulijibu."

Nyumba hii tumeitunga ili itusaidie kufikiri. Swali la mama mkwe, hata hivyo, si la kutunga. Huulizwa katika nyumba nyingi, na mara nyingi hujibiwa kwa hasira au kwa ubishi wa dini na desturi. Sisi tutajaribu kulijibu kwa chakula.

Maziwa ni zaidi ya kinywaji

Kwanza tumwelewe mama mkwe. Katika nchi ya Rwanda ng'ombe si mnyama wa kufugwa tu. Salamu ya zamani, "Amashyo", ni dua ya kumtakia mwenzio makundi ya ng'ombe. Ng'ombe hutolewa mahari, na ng'ombe hufunga urafiki kati ya nyumba na nyumba. Tangu mwaka 2006 Serikali imekuwa na mpango wa Girinka, ambao huzipa jamaa maskini ng'ombe ili zipate maziwa na mbolea. Basi anayekataa maziwa aweza kuonekana amekataa mkono uliomnyoshea. Yafaa aeleze kwa upole, na yafaa asikilizwe kwa upole vilevile.

Tena wako watu ambao maziwa huwakataa wao wenyewe. Kila mtoto mchanga huzaliwa na uwezo wa kusaga sukari iliyomo katika maziwa. Kwa watu wengi duniani uwezo huo hupungua baada ya kuachishwa ziwa, na mtu mzima akinywa bilauri moja ya maziwa mabichi au ya moto tumbo humjaa hewa, humkata na pengine kumharisha. Mwaka 1974 madaktari wawili, Cox na Elliott, walichapisha uchunguzi wao juu ya jambo hilo hilo katika eneo la Ziwa Kivu, nchini Rwanda na huko Bushi ng'ambo ya ziwa. Walikuta kwamba watu wa eneo moja hawafanani: wako wanaoyasaga maziwa vizuri hadi uzeeni, na wako wengi wasioweza. Kwa hiyo mwenye kulalamika tumbo asichekwe wala asiitwe mwenye maringo.

Mtu wa namna hiyo ajue kwamba maziwa yaliyoganda huwa mepesi tumboni kuliko maziwa matamu, kwa sababu sehemu ya sukari yake imekwisha kuliwa na vijidudu vya kugandisha. Huenda akaweza kunywa kikombe kidogo pasipo taabu. Lakini kama mtu ameamua kuyaacha yote, kwa ajili ya tumbo, imani au huruma kwa wanyama, uamuzi ni wake. Ila asisahau methali ya wazee wetu: usiache mbachao kwa msala upitao. Kabla ya kuondoa mkeka wa zamani, hakikisha mpya umekwisha kutandikwa.

Nguvu ya mwili: maharagwe hayaendi peke yake

Mkeka mpya ni rahisi kuutandika upande wa protini, chakula kijengacho mwili. Katika kila gramu 100 za maharagwe makavu mna protini kiasi cha gramu 22, na katika soya ni gramu 36 hivi. Lakini protini ya maharagwe ina upungufu mahali fulani, na ile ya mahindi ina upungufu mahali pengine. Vikiliwa pamoja, kimoja huziba pengo la mwenzake.

Wazee wetu walilijua jambo hili kwa ulimi kabla halijaandikwa vitabuni. Mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja huitwa impungure nchini Rwanda, makande Tanzania na githeri Kenya. Chakula hicho wengine hukidharau kuwa ni cha shule na cha kambi. Wasikidharau. Ongeza kitunguu, karoti, nyanya na kijiko cha karanga zilizotwangwa, nawe una mlo ambao hauionei nyama wivu.

Jambo la kuangalia ni moja. Nyumba nyingi hujaza sahani viazi au ndizi, kisha zikadondoshea maharagwe machache juu yake kama kiungo. Kwa asiyekula nyama wala maziwa, maharagwe, njegere, dengu au soya ndiyo yaliyo chakula chenyewe, na viazi ndivyo mboga yake. Geuza vipimo, usigeuze chakula.

Damu: chai ya Pfunda na saa yake

Baada ya protini huja madini ya chuma, yanayotengeneza damu. Chuma cha maharagwe na majani huingia mwilini kwa shida kuliko chuma cha nyama, kwa hiyo hakina budi kusaidiwa.

Rwanda imefanya kazi kubwa katika jambo hili. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 wakulima wamegawiwa mbegu za maharagwe zilizochaguliwa kwa wingi wa chuma, nyingine zikiwa za kupanda vijitini kama yapendwavyo maharagwe ya nyanda za juu. Uchunguzi uliofanywa mjini Huye kwa wanafunzi wa kike wa chuo waliokuwa na upungufu wa chuma, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba waliokula maharagwe hayo kwa siku 128 waliongeza damu kuliko wenzao waliokula ya kawaida. Basi ukienda kununua mbegu, ulizia maharagwe yenye chuma kingi.

Msaada wa pili ni tunda au mboga yenye uchachu. Chungwa, pera, limau lililokamuliwa juu ya mboga, nyanya mbichi au kipande cha papai hukifungulia chuma mlango kikaingia mwilini. Msaada wa tatu ni kuloweka maharagwe usiku kucha na kuyamwaga maji yake kabla ya kuyapika. Huiva upesi, huokoa kuni na mkaa, na hupunguza vitu vinavyoyazuia madini.

Kisha iko chai. Hatusemi neno baya juu ya chai. Pfunda ni fahari ya Rubavu na ni mkate wa watu wengi. Lakini chai inywewapo pamoja na chakula hukamata chuma na kukitoa nje bila kukitumia. Kula kwanza, subiri saa moja, kisha keti unywe chai yako kwa raha. Kwa mwanamke, na zaidi kwa mjamzito, saa hiyo moja yaweza kumpunguzia kizunguzungu na uchovu wa kukosa damu.

Mifupa: weupe usikudanganye

Wengi wakiacha maziwa ya ng'ombe hukimbilia maziwa ya soya. Ni jambo jema, nayo hutengenezwa nyumbani bila shida. Chukua kikombe kimoja cha soya, uiloweke usiku mzima. Asubuhi ifikiche utoe maganda, uisage au uitwange pamoja na maji safi, vikombe sita hata vinane, kisha uichuje kwa kitambaa cheupe. Yachemshe maziwa hayo kwa moto mdogo muda wa dakika ishirini, ukikoroga yasifurike. Usiyanywe mabichi, kwa maana soya mbichi huudhi tumbo na huzuia protini isitumike. Makapi usiyatupe, yachanganye na unga wa chapati au uyakaange na vitunguu.

Lakini weupe wake usikudanganye. Kikombe cha maziwa ya ng'ombe kina miligramu 300 hivi za kalsiamu, yaani chokaa ya kujengea mifupa na meno, na mtu mzima anahitaji kama miligramu 1,000 kila siku. Maziwa ya soya ya nyumbani hayafikii hata nusu ya kiasi hicho kwa kikombe. Yale ya dukani huwa na kalsiamu ya kutosha ikiwa tu imeongezwa kiwandani, na hilo huandikwa kwenye boksi. Hali kadhalika tofu, ambayo siku hizi hutungwa kwenye vijiti na kuchomwa kama mishikaki: ikigandishwa kwa chumvi ya kalsiamu hujenga mifupa, ikigandishwa kwa limau au siki hutoa protini tu.

Basi chokaa itoke wapi? Itoke kwanza katika ulezi. Gramu 100 za unga wa ulezi zina kalsiamu kiasi cha miligramu 340, nafaka nyingine hazikaribii. Uji wa ulezi asubuhi, ukiongezwa unga wa soya na karanga, hushinda chai na mkate mara nyingi. Pili itoke katika sukumawiki, kabichi na majani mengine ya jamii hiyo, ambayo kalsiamu yake mwili huipokea kwa urahisi. Tatu itoke katika ufuta, kijiko kimoja au viwili vilivyokaangwa kidogo na kutwangwa, kisha vikanyunyizwa juu ya mboga.

Na mchicha, ambao Rwanda huitwa dodo na ng'ambo ya mpaka huitwa lengalenga? Ni mboga bora sana kwa macho na damu. Kalsiamu imo nyingi, lakini mwili hupata sehemu ndogo tu, kwa sababu imefungwa na asidi iliyomo humo humo majanini. Kula mchicha, ila usiutegemee peke yake kwa mifupa. Badilisha na sukumawiki. Kisamvu nacho, isombe ya Rwanda, hupendeza kikiungwa kwa karanga na mawese. Majani yake sharti yatwangwe vizuri na yachemshwe kwa muda mrefu, kwa kuwa mabichi yana sumu. Karanga zilizoota ukungu zisiingie chunguni kamwe. Sumu ya ukungu haiondoki kwa kupikwa.

Jambo moja ambalo shamba halina

Mpaka hapa Rugerero imejibu karibu kila swali. Protini iko, chuma kiko, chokaa iko. Macho yana karoti, mawese na viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya machungwa. Mafuta yako katika parachichi. Madini ya joto, kwa ajili ya tezi ya shingo, yamo katika chumvi iliyotiwa madini hayo. Jua linalotengeneza vitamini D ngozini halitozwi kodi.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Jina lake ni vitamini B12. Hutengenezwa na bakteria tu. Ng'ombe huipata kutoka kwa bakteria walio tumboni mwake, kisha huiweka katika nyama na maziwa. Mimea haina. Haimo katika maharagwe, mchicha, uyoga wala soya, na hakuna pishi la mama hodari liwezalo kuitoa mahali isipokuwamo.

Mwenye kuacha nyama akabaki na maziwa na mayai aweza kuipata humo. Lakini siku anapoyaacha na hayo, mlango wa mwisho umefungwa. Historia inatuonya. Mwaka 1944, huko Uingereza, Donald Watson na wenzake walianzisha chama cha watu wasiokula kitu chochote kitokacho kwa mnyama. Vitamini hii ilikuwa bado haijapatikana. Wataalamu waliifikia mwaka 1948. Katika miaka iliyofuata baadhi ya watu waliofuata njia hiyo waliugua, ingawa walikula mboga na matunda kwa bidii. Bidii yao haikuwa na kasoro. Walikosa kitu ambacho bustani haina.

Ubaya wa upungufu huu ni kwamba huja kwa kunyata. Ini la mtu mzima huweka akiba inayoweza kutosha miaka kadhaa. Mwaka wa kwanza mtu hujiona mwepesi na mwenye afya, naye huwahubiria majirani. Kisha, siku asiyoitazamia, huanza uchovu, ulimi kuwa mwekundu na kuuma, ganzi katika vidole vya miguu, hatua zisizo imara, na usahaulifu. Tena mboga za majani, kwa wema wake, huweza kuuficha ugonjwa: zina foleti nyingi, ambayo huifanya damu ionekane nzuri huku neva zikiendelea kuharibika. Askari ahisipo ganzi miguuni asidhani ni viatu tu. Amweleze mganga mambo mawili: ganzi yake, na chakula alichokiacha.

Dawa yake ni rahisi na si ya aibu. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku, kiasi kidogo kuliko punje ya chumvi. Huuzwa katika maduka ya dawa kama vidonge, na hospitalini hutolewa kwa sindano kwa wenye upungufu. Vidonge huwa na kiasi kikubwa kuliko hicho, kwa kuwa mwili hupokea sehemu ndogo tu ya kidonge. Mwulize mganga au mwuza dawa umeze kiasi gani na mara ngapi. Baadhi ya vyakula vya viwandani navyo huongezwa vitamini hii, lakini soma maandishi ya pakiti, usiyaamini matangazo. Wako watakaosema kwamba mababu zetu hawakumeza vidonge. Ni kweli, lakini mababu hao walikunywa maziwa.

Mama na mtoto hawangoji

Kwa mtu mzima akiba ya ini humpa muda wa kujirekebisha. Mtoto aliye tumboni hana muda huo. Akiba yake yote huipata kwa mamaye, na baada ya kuzaliwa huipata katika ziwa la mamaye. Mama akiwa hana, ziwa nalo halina. Mtoto wa namna hiyo huzaliwa akionekana mzima, na baada ya miezi michache hulegea, hukataa kunyonya, huacha kutabasamu na kushindwa kuketi. Asipotibiwa upesi, ubongo wake waweza kubaki na athari ya maisha.

Hatusemi haya ili kumtisha mtu. Mama asiyekula nyama wala maziwa aweza kuzaa na kulea mtoto mwenye afya njema, kwa masharti haya. Amwambie mkunga habari za chakula chake siku ya kwanza ya kliniki, asingoje kuulizwa. Ameze B12 kila siku kama alivyoelekezwa, pamoja na vidonge vya chuma na foleti anavyopewa. Amnyonyeshe mtoto maziwa yake tu kwa miezi sita, kisha aendelee kumnyonyesha huku akimpa chakula hadi miaka miwili au zaidi. Maziwa ya soya ya nyumbani yasiwekwe kamwe mahali pa ziwa la mama. Na mtoto mwenyewe asinyimwe maziwa na mayai kwa kufuata uamuzi wa wazazi pasipo ushauri wa mganga.

Mtoto aanzapo kula, tumbo lake ni dogo. Ukilijaza viazi na supu ya mboga litashiba bila kujengwa. Uji wake uwe mzito, wenye soya na siagi ya karanga. Maharagwe yake yapondwe na kuchanganywa na parachichi. Unga wa lishe huwa msaada mkubwa, lakini aina nyingine zina maziwa ya unga ndani yake. Mwenye mtoto ambaye maziwa humdhuru asome kwanza.

Mlo wa siku moja

Ili maneno yasibaki hewani, huu hapa mlo wa siku moja uwezao kupikwa Rugerero kwa vitu vya shamba na vya soko la Mahoko au Gisenyi:

Asubuhi: uji wa ulezi na soya, kijiko cha siagi ya karanga, na ndizi mbivu.

Mchana: impungure ya mahindi na maharagwe yenye kitunguu na karoti, sukumawiki iliyokaangwa kidogo na kunyunyizwa ufuta, nusu ya chungwa au pera.

Saa kumi: chai yako, peke yake au pamoja na kiazi kitamu.

Jioni: viazi au ndizi za kupika, dengu au njegere nzito, dodo kwa nyanya na limau, na kipande cha parachichi.

Na kila siku: kidonge cha B12 kama ulivyoelekezwa.

Bustani ya jikoni, ile ambayo Wanyarwanda huiita akarima k'igikoni, huweza kutoa majani ya mlo huu mwaka mzima, hata kwenye magunia yaliyojazwa udongo katika nyumba za kambi. Iwekwe mahali palipoinuka. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa iliua watu zaidi ya 130 katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini mwa Rwanda, na Sebeya ikafurika ikaingia nyumba na mashamba ya Rugerero. Mwenye gunia la maharagwe makavu mahali pa juu na mbegu ndani ya mtungi huanza upya mapema kuliko mwenzake.

Askari alaye chakula cha kambi ana machaguo machache zaidi. Ugali na maharagwe ni msingi mwema. Aombe maharagwe yaongezwe mahali pa nyama, abebe karanga mfukoni awapo doria, anunue tunda kila apatapo nafasi, na vidonge vyake vikae pamoja na mswaki wake ili asivisahau. Mkuu wa jiko naye asione usumbufu, kwani sufuria ya maharagwe isiyotiwa nyama huwafaa wote.

Turudi sasa kwa mama mkwe wetu na kibuyu chake. Siku ya kliniki mkwewe amerudi na kikaratasi cha vidonge, akakiweka mezani karibu na kapu la ulezi.

"Mama, uliuliza atajengwa na nini. Mifupa kwa ulezi na sukuma, damu kwa maharagwe na machungwa. Na kile kilichokuwa katika maziwa, ambacho shamba halina, ni hiki hapa. Mkunga amenieleza."

Mama mkwe akipindua kikaratasi mkononi, atakitazama kwa muda. "Basi kila asubuhi nitakukumbusha mimi," atasema. Naye maziwa yake atayanywa mwenyewe, wala hakuna atakayemlaumu.